Chupa iliyobaki zaidi ya nusu: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa miezi 20 mwenye nimonia

Kisa hiki nimekijenga kwa ajili ya kufundishia. Mtoto, mama na bibi waliomo ni wa mfano, lakini kila jambo linalowapata linatokea katika zahanati na maduka ya dawa yetu, na hesabu zote za dawa ni za kweli. Nimekichagua kwa sababu humu ndani hakuna mzembe. Mama alijali, bibi alijali, muuza dawa alitoa dawa ambayo ndiyo chaguo la kwanza kwa nimonia ya mtoto. Na bado mtoto alifika zahanati akipumua kwa shida.

Alivyofika

Ni Jumatatu asubuhi, kipindi cha masika, katika zahanati pembezoni mwa mji wa Morogoro. Mtoto ni wa kike, ana miezi 20, na mizani ya asubuhi hiyo inasoma kilo 11. Anakohoa kwa siku ya nne sasa, homa ina siku tatu, na tangu jana usiku, kwa maneno ya mama, "anapumulia tumbo." Chakula anakikataa ila ananyonya na maji anakunywa. Hatapiki, hajapata degedege, na akiitwa anageuka kumtazama anayemwita.

"Dawa nimeshamwanzishia tangu juzi, dokta, lakini naona haimsaidii," anasema mama, na kutoa kwenye mkoba chupa ya amoksilini ya maji, antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Ni chupa ya mililita 100, lebo imeandikwa 125 mg kwa kila mililita 5, na juu yake kuna maandishi ya kalamu: 1×3. Tabibu anaiweka chupa mezani kando, anaanza na mtoto.

Anamwacha kwenye mapaja ya mama mpaka atulie, anainua nguo na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Hapa sikubaliani na wale wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio. Hukimbiza pumzi, husita, hukimbiza tena, na kosa dogo ukilizidisha kwa nne linabadili jina la ugonjwa. Hesabu inakuja pumzi 52. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, 40 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka. Kwa wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka kikomo ni 50, na kwa aliye chini ya miezi 2 ni 60. Tena, kila anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani.

Hakoromi akiwa ametulia, wala kifua hakipigi filimbi. Swali la filimbi lina uzito, kwa sababu mtoto mwenye kifua kinachobana anaweza kupumua haraka na kifua kikabonyea bila kuwa na nimonia. Huyo hupewa kwanza dawa ya kupanua njia ya hewa, kisha pumzi zinahesabiwa upya. Oksijeni kwenye damu ni asilimia 95, ingekuwa chini ya 90 angepewa rufaa papo hapo. Joto ni 38.6. Kipimo cha haraka cha malaria hakijaonyesha vimelea, na mkanda wa mkono unasoma milimita 138, upande wa kijani, yaani hana utapiamlo. Kadi ya kliniki inaonyesha chanjo ya PCV (ya kukinga nimonia) zote tatu, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na vipimo vya VVU vya mama, wakati wa ujauzito na wakati wa kunyonyesha, ni hasi.

Hakuna dalili ya hatari. Tabibu anaandika: nimonia.

Wahudumu wa zamani watashtuka kwamba mtoto aliyebonyea kifua hakuandikwa "nimonia kali" na kupelekwa hospitali kwa sindano. Ndivyo ilivyokuwa, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipobadili mwongozo mwaka 2014. Tangu hapo, kupumua haraka na kifua kubonyea vimewekwa kundi moja, na vyote hutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kunywa, ilimradi mtoto hana dalili ya hatari na hali ya VVU haimweki pabaya. Msingi wake ni tafiti kubwa, mojawapo ya Pakistani, iliyochapishwa mwaka 2008 ikiwa na watoto 2,037. Waliotibiwa nyumbani kwa amoksilini ya dozi kubwa hawakupona vibaya kuliko waliolazwa na kuchomwa sindano.

Kwa hiyo mtoto huyu anastahili dawa ileile ambayo mama anasema ameshampa. Wengine hapa wangesema dawa imegonga mwamba na kuandika nyingine yenye nguvu zaidi. Tabibu anarudi kwenye chupa.

Chupa inasema nini

Anapoiinua, jambo la kwanza analoliona ni kwamba dawa iliyomo ni nyingi. Imevuka nusu ya chupa. Anamuuliza mama, taratibu na bila kumtisha, ilinunuliwa lini.

Ilinunuliwa wiki tatu zilizopita. Mtoto alikuwa na mafua, anachuruzika kamasi, anakohoa na joto limepanda kidogo. Mama alikwenda dukani akaeleza, akapewa chupa yenye unga pamoja na maelekezo: weka maji, tikisa, mpe kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Alimpa siku tatu. Mafua yakaisha, chupa ikawekwa kabatini. Juzi kikohozi kiliporudi na homa, dawa ikatolewa kabatini, na mtoto amepewa siku mbili kamili. Jumla ni siku tano, mara 15. Ya asubuhi na ya jioni alimpa mama mwenyewe. Ya mchana, mama akiwa gengeni, alimpa bibi, na bibi hakuikosa hata siku moja.

Mtoa dawa wa zahanati anaitwa. Kwenye mkoba wa mama kuna kijiko cha uji wa mtoto, na ndicho kinachotumika kwa dawa. Mtoa dawa anakijaza maji kwa sirinji, polepole mpaka ukingoni. Kinabeba mililita 3. Kisha anapima dawa iliyobaki: mililita 75. Mara 15 kwa mililita 3 ni 45. Ukijumlisha na 75 unapata 120, wakati chupa ikichanganywa sawasawa hutoa 100. Anaulizwa mama maji aliyaweka mpaka wapi. "Mpaka hapa," anasema, akigusa shingo ya chupa. Mstari uliochorwa kwenye lebo uko chini zaidi, na hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Sasa tupige hesabu. Kipimo cha amoksilini kwa nimonia ni angalau miligramu 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, yaani 80 kwa kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 11 anahitaji miligramu 880 kwa siku. Maelekezo ya dukani, hata yangefuatwa kwa mililita 5 kamili, yangempa 125 mara tatu, sawa na 375. Hapo peke yake tumeshapoteza zaidi ya nusu. Kijiko cha mililita 3 kinaishusha hadi 225. Maji yaliyozidi yanapunguza nguvu ya kila kijiko, tunabaki na kama 187. Ukigawa kwa kilo 11 unapata miligramu 17 kwa kilo kwa siku, sehemu moja ya tano ya anachohitaji.

Na hiyo ni hesabu ya dawa ikiwa mbichi. Amoksilini ikishachanganywa na maji huanza kuvunjika. Lebo ya chupa hii inasema itumike ndani ya siku 7; nyingine huruhusu hadi 14, zikikaa kwenye friji. Hii imekaa wiki tatu kwenye kabati la nyumba yenye bati juu, katika joto la Morogoro. Alichokunywa mtoto siku hizi mbili ni pungufu hata ya ile 187, na hakuna atakayejua ni pungufu kiasi gani.

Tabibu ameridhika: amoksilini haijashindwa, haijampata mtoto. Angeandika dawa kali zaidi, angekuwa anatibu kosa la kipimo kwa kubadili jina la dawa, na ndivyo dawa za akiba zinavyochakazwa.

Inafaa kujua kwa nini kiasi kina uzito hivyo. Amoksilini haiui bakteria kwa pigo moja kubwa. Inataka kukaa mwilini juu ya kiwango fulani kwa muda wa kutosha kati ya dozi na dozi. Nimokoka, bakteria anayeongoza kuleta nimonia ya watoto, wengine wamebadili zile sehemu ambazo dawa hujishikiza, kwa hiyo kiwango kinachotakiwa kuwaua kimepanda. Ndiyo maana kipimo nacho kimepandishwa. Dawa inayofika chini ya kiwango hicho inaua bakteria dhaifu na kuwaachia wagumu nafasi ya kuzaana kooni na puani mwa mtoto, na mtoto hucheza na wenzake. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Mwaka huohuo nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano, wakiwamo waliokosa dawa ya kawaida iliyotolewa sawasawa na kwa wakati. Takwimu hizi mbili zisomwe pamoja. Anayehubiri "acheni kutumia antibayotiki" bila kutaja ya pili amesema nusu ya ukweli.

Wiki tatu nyuma

Je, mtoto alihitaji antibayotiki alipokuwa na mafua? Kwa maelezo ya mama, hapana. Hakuwa anapumua haraka, alikula, alicheza. Mafua husababishwa na virusi, na amoksilini haina inachokifanya kwa virusi.

Tunao ushahidi wa hapahapa. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa waliofika vituo vya afya vya Dar es Salaam na Ifakara. Karibu asilimia 70 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22, na wa vimelea kama malaria asilimia 11 hivi. Baadaye, katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, wahudumu wa nusu ya vituo walipewa programu ya kwenye tableti iliyowaongoza hatua kwa hatua, pamoja na oksimita (kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu) na vipimo vya haraka. Katika vituo vya kawaida watoto 70 kati ya 100 waliandikiwa antibayotiki; katika vituo vyenye programu, 23. Watoto wa upande huo hawakuumia zaidi. Kumbe pengo lile lote lilikuwa dawa iliyotolewa kwa ajili ya wasiwasi wa mhudumu na wa mzazi.

Siwalaumu wauza dawa peke yao. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 uliwapa mafunzo na leseni watu ambao vijiji vingi visingekuwa na dawa bila wao. Lakini mteja akisimama kaunta na mtoto mgongoni na kusema "nipe dawa ya kifua," muuzaji hana mizani, hana muda wa kuhesabu pumzi dakika nzima, na akimrudisha mikono mitupu anajua atakwenda duka la pili. Hapo ndipo inapouzwa chupa moja, kijiko kimoja, mara tatu, bila kujali mtoto ni wa kilo 6 au 16. Antibayotiki ya mtoto isiuzwe kabla mtoto hajapimwa uzito. Mizani ingekuwa sharti la kaunta kama kabati lilivyo sharti, tungeokoa mengi.

Kosa la wiki tatu zilizopita ndilo lililozaa la juzi. Dawa isiyohitajika ilibaki, na dawa iliyobaki ikachelewesha mtoto kwa siku mbili alipougua kweli.

Dirishani

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike, nami nitakaa hapo kidogo.

Mtoto anaandikiwa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, vya 250 mg. Kwa uzito wa kilo 10 hadi kabla ya 14 ni vidonge viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tano; jumla vidonge 20. Kila dozi ni 500 mg, karibu 45 kwa kilo, juu kidogo ya kima cha chini. (Wa kilo 4 hadi kabla ya 10 hupewa kidonge kimoja mara mbili, na wa kilo 14 hadi 19 hupewa vitatu.) Kabla ya kuandika, tabibu ameuliza: amewahi kunywa dawa akavimba midomo au uso, akatoka vipele vya kuwasha, au akabanwa na pumzi? Hajawahi.

Kidonge cha kuyeyusha kinafuta karibu makosa yote ya chupa. Hakuna maji ya kuzidisha mpaka shingoni, kwa sababu maji yakizidi dawa ni ileile, mtoto tu ana zaidi ya kunywa. Kijiko hakina cha kupima. Hakuna kuharibika baada ya siku saba, na kutoa mara mbili kwa siku kunaiondoa ile dozi ya mchana iliyomtegemea bibi. Zahanati au duka likiwa na vyote viwili, sioni sababu ya kumpa mtoto wa umri huu chupa.

Mtoa dawa hasemi "chukua, asubuhi na jioni." Anachukua kikombe kidogo, anakiweka mbele ya mama pamoja na maji safi ya kunywa, kisha anamwambia, "Mama, dozi ya kwanza mpe hapa hapa, mimi nakuangalia." Mama anavunja karatasi ya dawa, anatumbukiza vidonge viwili, anamimina maji mengi. Mtoa dawa anamzuia kwa upole: vijiko viwili vya chai vinatosha, ili mtoto aweze kumaliza. Wanasubiri. Vidonge vinavimba na kuvunjika vyenyewe, mama anazungusha kikombe mpaka hakuna bonge, anamnywesha mtoto kidogo kidogo akiwa amemkalisha wima. Chini ya kikombe kumebaki unga mweupe. "Na huo ni dawa," anasema mtoa dawa. Mama anaweka tone la maji, anasuuza, anampa.

Ule unga wa chini ya kikombe hauandikwi kwenye bahasha yoyote, na bila kumtazama mama akitengeneza dozi usingejua kama anaumwaga.

Kisha maswali, na yote anaulizwa mama ayajibu kwa maneno yake. Utampa saa ngapi? Saa moja asubuhi na saa moja jioni. Leo ya jioni iende saa mbili au tatu kwa kuwa ya asubuhi imechelewa. Akitapika? Akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe dozi. Akitapika kila kitu, arudi zahanati bila kusubiri. Ukisahau? Ampe akikumbuka, asirundike dozi mbili kwa pamoja. Kinyesi kikiwa laini? Hutokea, aendelee na dawa, amnyonyeshe na kumpa maji zaidi. Kikiwa cha maji mengi au chenye damu, amlete. Uso ukivimba au pumzi ikibana baada ya dawa? Aiache, aje haraka.

Bahasha inaandikwa: vidonge 2 saa 1 asubuhi, vidonge 2 saa 1 jioni, mwisho Ijumaa jioni. Mtoa dawa amekataa kuandika "2×2×5/7". Alama hizo sisi tumezizoea, lakini bibi atakayeisoma bahasha hakusomea famasia. Anaongeza jua na mwezi kwa kalamu. Kwa homa anampa parasetamoli, robo ya kidonge cha 500 mg, joto likizidi, isizidi kila baada ya saa sita.

Chupa ya zamani inabaki zahanati iharibiwe. Mama anasita kidogo kuiacha, kwani aliinunua kwa hela yake. Mtoa dawa anamweleza ilivyokwisha nguvu, naye anaisogeza mwenyewe upande wa pili wa dirisha.

"Na sindano je?"

Mama anauliza, kama wengi wanavyouliza. Sindano ina heshima yake mtaani. Jibu la tabibu ni fupi: mtoto anayeweza kunywa na asiyetapika, tumbo lake litaipokea dawa vizuri, na sindano itamwongezea maumivu na hatari nyingine. Angekuwa na dalili ya hatari, yaani hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au amepoteza fahamu, hapo angechomwa dozi ya kwanza na kupewa rufaa hospitali akaendelee na ampisilini na gentamisini, antibayotiki za sindano.

Nimetaja gentamisini kwa makusudi. Katika kisa chetu hatari ilikuwa upungufu, na amoksilini ni dawa ya upole. Ikizidi kidogo mtoto huharisha. Gentamisini haina upole huo. Ikizidi huumiza figo na masikio, na sikio lililoharibika halirudi. Ampuli zake huja za nguvu mbili zenye ujazo uleule: 20 mg kwa mililita 2, na 80 mg kwa mililita 2. Kichanga wa kilo 3 katika wiki yake ya kwanza, kwa 5 mg kwa kilo, anahitaji 15 mg. Kwenye ampuli ndogo hiyo ni mililita 1.5. Muuguzi aliyezoea kuvuta 1.5, siku stoo ikileta ampuli za 80 asiposoma, atamchoma 60 mg, mara nne ya kipimo. Kwa hiyo kwa vichanga, uzito wa leo na maandishi ya ampuli visomwe na watu wawili kwa sauti. Seftriaksoni nayo, antibayotiki nyingine ya sindano, haipewi kichanga anayepokea dripu yenye kalsiamu kama Ringer's lactate.

Kuhusu "maliza dozi"

Tumefundishwa kuwaambia wazazi wamalize dozi, nami naendelea kuwaambia. Ila kisa hiki kinaonyesha udhaifu wa kaulimbiu hiyo ikisimama peke yake. Mama huyu angemaliza siku tano mfululizo tangu mwanzo, kwa kijiko kile na maji yale, angekuwa amemaliza sehemu moja ya tano ya dozi. Tungempongeza.

Tena siku zenyewe si msahafu. Huko Lilongwe, Malawi, watoto 3,000 wasio na VVU waliokuwa na nimonia ya kifua kubonyea waligawanywa, wengine amoksilini siku tatu, wengine siku tano. Matibabu yalishindikana kwa asilimia 5.9 na 5.2, tofauti ndogo mno. Uingereza na Ireland, utafiti wa watoto 814 uliotolewa mwaka 2021 ulikuta kwamba siku tatu hazikuwa duni kuliko saba, na kwamba miligramu 35 hadi 50 kwa kilo kwa siku hazikuwa duni kuliko 70 hadi 90. Nawaambia wenzangu haya kwa sababu watayasoma na kuuliza. Lakini Uingereza ina bakteria wake na watoto wake, mwongozo wetu ni 80, na hata ukichukua ile dozi ndogo ya huko, 17 ya mtoto wetu haifiki nusu yake. Muda wa matibabu ni wa kuamuliwa na mwongozo. Kiasi kinachoingia kinywani kinaamuliwa jikoni, na huko ndiko tumepaacha wazi.

Sasa mhudumu mwenye foleni ya wagonjwa 60 atasema hana muda wa kumtazama kila mama akiyeyusha vidonge. Maonyesho yale yalichukua dakika kama tano, na nusu yake ilikuwa kusubiri vidonge viyeyuke wakati mgonjwa mwingine anahudumiwa. Mtoto anayerudi kwa sababu dawa haikumfikia anachukua muda mrefu zaidi ya huo, tena akiwa na hali mbaya zaidi.

Alhamisi

Mama aliambiwa arudi baada ya siku tatu, au mapema zaidi mtoto akishindwa kunywa, akizidi kuhema au homa ikipanda. Alhamisi anakuja, na bibi amefuatana nao. Mtoto hana homa tangu Jumatano. Pumzi ni 34 kwa dakika, kifua hakibonyei, amekula uji asubuhi. Kikohozi bado kipo.

Mtoa dawa anahesabu vidonge kwenye bahasha: vimebaki sita. Ndivyo inavyotakiwa, kwani dozi saba zimeshaingia na tatu zimebaki, ya leo jioni na mbili za Ijumaa. Anamgeukia bibi: "Shikamoo bibi. Nionyeshe na wewe unavyomtengenezea." Bibi anaeleza vizuri mpaka kusuuza kikombe, kisha anauliza kama anaweza kuyeyushia kwenye maziwa ya mama badala ya maji. Anaweza. Mama hukamua kidogo kwenye kikombe, na mtoto huyapokea kwa urahisi zaidi.

Pumzi zingebaki zilezile na kifua kuendelea kubonyea, tabibu angempa rufaa, akijua safari hii kwa hakika kwamba dawa ilimfikia mtoto, na hospitali ingelijua hilo kwenye barua. Hali ilivyo, anaendelea mpaka Ijumaa jioni na dawa nyingine haihitajiki. Mama anauliza kuhusu kikohozi kilichobaki. Anaelezwa kwamba kinaweza kuchukua wiki mbili hivi kuisha hata bakteria wakishakufa, na kwamba hakihitaji chupa nyingine. Kikivuka siku 14 tangu kilipoanza amrudishe, achunguzwe kifua kikuu na mengineyo, na tabibu anamwandikia tarehe hiyo kwenye kadi.